Inchi Mbili za Pindo

Nje ya kibanda cha fundi cherehani pana benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali, na hapo ndipo mambo ya dunia huamuliwa kila asubuhi, mradi kahawa iwepo. Siku hiyo binti wa Fundi alikuwa angani, anakwenda ng'ambo kwenye kazi ya uuguzi. Walipotoka kumsindikiza, mkewe alimuuliza Fundi jambo moja tu: "Mwanangu anakwenda umbali gani?" Swali hilo likamuuma Fundi. Basi akabandua ramani ya dunia ukutani, akaitandaza benchini, akavuta mkanda wa kupimia shingoni.

— Uwanja wetu wa ndege huu hapa, wa huko ule pale. Inchi tisa na nusu. Naongeza mbili za pindo.

— Pindo la nini? akauliza Profesa, fundi redio aliyepata jina hilo kwa ubishi.

— Kipimo bila pindo ni hasara, bwana. Nguo ikibana utafumulia wapi?

— Haya, kumi na moja na nusu. Ndiyo kilomita ngapi?

Wakatafuta pembeni mwa ramani. Pale palipoandikwa inchi moja ni kilomita ngapi, panya walishapatafuna.

— Acheni inchi! akadakia Gia Tano, dereva wa lori mstaafu. Ndege inakwenda mia tisa kwa saa. Safari inachukua saa ngapi?

— Kumi na tano, akajibu Fundi.

— Toa moja ya chai, mbili za rubani kunyoosha miguu. Na kwenye mteremko anazima injini, inajiendea.

— Anazima injini angani? akashtuka Fundi.

— Mafuta bei, wewe!

Profesa akasonya.

— Dunia ni mviringo. Ndege inapanda huko juu kwenye barafu, inashukia upande wa pili. Ndiyo njia fupi.

— Njia ya mwongo ndiyo fupi! akapinga Gia Tano.

— Tena dunia inazunguka. Rubani akitulia tu hewani, mji unamfuata wenyewe.

— Sasa nauli ya nini? Si angeruka tu hapa uani akasubiri?

Wakaangua kicheko. Fundi alicheka nao, lakini moyo haukuwemo. Kwa mkanda uleule, juzi tu, alimpima binti mabega ya koti la baridi.

Mara mkewe akatokea, khanga begani, macho bado mekundu.

— Mmepata?

— Tumekaribia, shemeji, akasema Gia Tano. Elfu kumi na ushee. Inategemea mteremko.

Mama akaitazama ramani.

— Na kurudi je? Ni umbali huohuo?

Profesa, ambaye kaka yake aliaga kwamba anakwenda ng'ambo mwaka mmoja tu na hajaonekana tena, akainamia kikombe kisicho na kahawa.

Fundi akakunja ramani, ila mkanda hakuukunja. Akaongozana na mkewe kwenda nyumbani, kidole kimebana palepale kwenye kumi na moja na nusu, asije akapoteza kipimo.