Vidonge vya Mdogo Wangu

Shikamooni wakubwa zangu. Wa rika langu na wadogo zangu, nawasalimu nyote.

Mama mwenyekiti wa kikundi chetu aliniomba nizungumze habari za dawa za viungo, maana wengi humu tunaumwa. Nikamwambia nitazungumza, ila nikiishia kwenye magoti nitakuwa nimewadanganya. Mimi kilichonifikisha kitandani, mkaambiwa mniombee, ni wivu. Na mtu niliyemwonea wivu ni mdogo wangu, tumbo moja. Amekuja leo na basi la asubuhi kutoka Mikumi, yule pale karibu na mlango. Nilimwomba ruhusa kabla sijasimama hapa. Akanijibu, "Sema yote, dada. Usijipunguzie."

Basi sijipunguzii.

Mnanijua, mimi ni fundi cherehani hapa Kilosa. Sare za watoto wenu nyingi zimepita mikononi mwangu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, na nimeikanyaga tangu sijaolewa mpaka nimekuwa mjane. Goti la kulia ndilo lilianza. Nikikaa muda mrefu halafu nitake kuinuka, linagoma, na ndani linasagika kama mtu anatafuna mahindi mabichi. Baadaye la kushoto likafuata. Choo cha kuchuchumaa, kina mama wenzangu mnaoumwa magoti mnakijua, sina haja ya kueleza.

Nikawa mtu wa diklofenaki. Nanunua dukani, sina cheti, sijapimwa, nameza asubuhi na jioni, siku nyingine hata chai sijanywa. Tumbo likawa linawaka moto. Nikinunua dawa ya magoti nanunua na ya tumbo.

Wakati huohuo mdogo wangu naye alianza kuumwa. Yeye ni msusi, ana saluni yake Mikumi, na ugonjwa ukamshika vidole. Vilivimba vyote, vya mikono yote miwili, na viganja. Akiamka asubuhi hawezi kushika kikombe mpaka jua liwe juu. Akawa anakaa saluni anawatazama wasaidizi wake wakisuka, yeye hawezi hata kushika kitana. Tulikuwa tunapigiana simu kila siku kulinganisha maumivu. Ndugu zangu, nawaambia ukweli ambao haunipi sifa: kipindi kile tulipendana sana. Sijawahi kupendana na mdogo wangu kama nilivyompenda alipokuwa mgonjwa kama mimi.

Halafu yeye akaenda hospitali. Akatumwa mpaka kwa daktari wa viungo, akapimwa damu, akapigwa picha, akaambiwa ana baridi yabisi, akaandikiwa dawa. Akanipigia simu. "Dada, njoo na wewe twende upimwe." Mimi nikasikia kitu kingine kabisa. Nikasikia mtu anajidai. Nikamwambia cherehani haiendi hospitali, nikakata simu.

Miezi ikapita. Simu zake zikabadilika. Leo ameosha vyombo mwenyewe. Leo amesuka kichwa kizima. Kila akinipa habari njema nasema "alhamdulillahi", na moyoni kuna kitu kinaning'ata. Nikaanza kuacha simu iite.

Siku iliyonivunja kabisa ilikuwa ya harusi ya mtoto wa kaka yetu, hapahapa Kilosa. Mama yetu ninaishi naye mimi. Namwogesha mimi, namshonea mimi. Siku hiyo mdogo wangu akaja, akakaa kwenye jamvi, mama akamlalia mapajani, akamsuka. Vidole vinakwenda kama zamani. Mimi niko kwenye kiti, kwa sababu chini siwezi kukaa, nikikaa nainuliwa na watu wawili. Mama kafumba macho kwa raha. Akasema, "Mikono yako imerudi, mwanangu." Kisha, macho yakiwa yamefumbwa vilevile, akaniambia mimi, "Na wewe ungefanya kama mwenzio."

Jamani, niliwahi kumbeba huyu mgongoni. Mimi niliishia darasa la saba ili nikae nyumbani nisaidie kulea, yeye akasoma mpaka sekondari. Nywele za mama nazichana mimi kila wiki, na sikumbuki amewahi kufumba macho. Vitu vyote hivyo vilinijia palepale kwenye kiti, kimoja baada ya kingine, na nikavipokea kama wageni.

Baada ya harusi nikamwambia nitakwenda Mikumi kupumzika kwake siku mbili. Akafurahi masikini. Akanipisha kitanda chake.

Jumapili nikamwona anameza dawa. Akatoa vidonge vidogo vya njano kwenye kikopo, akavihesabu sita, akavimeza kwa mkupuo. Nikamuuliza, "Vyote hivyo?"

"Ndiyo dada, sita. Halafu kuna na hiki kingine." Akanionyesha pakiti ya pembeni.

Ile ya pembeni niliijua, foliki, ndiyo wanayopewa wajawazito kliniki. Nikaona hiyo haina kazi. Sikuuliza kingine. Ningeuliza swali moja tu, anameza lini na lini, nisingekuwa na ushuhuda wa kuwapa leo. Lakini kuuliza kulikuwa kama kukubali kwamba yeye anajua na mimi sijui.

Jumatatu akaenda kufungua saluni. Malori yanapita barabarani, nyumba kimya, mimi peke yangu. Nikafungua kabati, nikachukua kile kikopo, nikakiviringisha kwenye kanga katikati ya nguo zangu. Pakiti ya foliki nikaiacha. Nikamuaga kwa simu, nikapanda gari nikarudi Kilosa. Mkitaka kujua kama njiani nilijuta, hapana. Nilijiambia yeye ameshapona, sasa ni zamu yangu.

Nilipofika nikaingiwa na woga. Nikakificha kikopo kwenye droo ya cherehani na sikukigusa. Wiki ya kwanza mdogo wangu akapiga simu, ametafuta dawa zake nyumba nzima hazioni, labda zilitupwa wakati wa kufagia. Nikamwambia, "Pole, tafuta vizuri." Wiki ya tatu akapiga tena, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani. Vidole vimeanza kuvimba. Daktari wake yuko mbali, siku yake ya kliniki haijafika. Kuna bibi harusi alikuwa amsuke, amemrudisha.

Jamani, nilifurahi.

Sitafuti neno lingine. Nilikaa pale kwenye cherehani nikajisikia mwepesi. Na papo hapo nikapiga hesabu ya kijinga: kama kuikosa dawa hii kumemrudisha alikotoka, basi hii ni dawa kweli, na nikiimeza mimi itaniinua. Nikafungua droo. Sita niliona vingi, nikajisifu kwa akili zangu kuwa nitakuwa mwangalifu, nitameza vitatu. Vitatu kila asubuhi. Na diklofenaki yangu sikuiacha, nikaendelea nayo pamoja.

Siku nne za kwanza sikuona kitu, zaidi ya kichefuchefu. Ya sita mdomo ukaanza kuwasha. Ya nane ulikuwa na vidonda kila mahali, ulimi, kooni, siwezi kumeza hata mate. Natapika. Nikipiga mswaki fizi zinatoa damu. Homa. Nikaanguka uani, na mama yangu, mzee yule, ndiye aliyepiga kelele majirani wakanipakia kwenye bajaji kunipeleka hospitali.

Daktari akaniuliza, "Mama, kuna dawa yoyote unatumia?" Nikatikisa kichwa. Wakapima damu, akarudi, sura imebadilika. "Damu yako imeshuka vibaya. Kinga yako iko chini sana. Umekunywa nini? Mitishamba? Nieleze tu, sitakugombeza." Nikatikisa kichwa tena. Nesi naye akaja kuniuliza kwa upole, sisi wawili tu. Nikamwambia diklofenaki. Nikaishia hapo.

Mchana mdogo wangu akafika kutoka Mikumi. Akavuta kiti, akachukua kikombe cha maji aninyweshe. Ndipo nikaiona mikono yake. Vidole vimevimba, vinang'aa, havikunji. Alikuwa amekibana kile kikombe kwa viganja viwili, kama mtoto mdogo, na kilikuwa kinatetemeka, na maji yanamwagika kwenye shingo yangu. Anasema, "Samahani dada, samahani, mikono yangu siku hizi imenisaliti."

Yeye ananiomba samahani mimi.

Nililia, na machozi yakiingia kwenye vile vidonda yanachoma. Nikamwambia, "Mwite daktari." Akadhani nazidiwa, akakimbia. Daktari alipokuja nikasema mbele yao wote wawili, kwa mdomo ule uliooza: "Dawa zake nilizichukua mimi. Vile vya njano. Nameza vitatu kila siku."

Daktari akamgeukia mdogo wangu. "Wewe unavimeza vipi?"

"Sita," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mara moja kwa wiki. Jumapili tu."

Mara moja kwa wiki, wenzangu. Kumbe dawa ile ni kali kiasi hicho, inamezwa siku moja kwa wiki, damu na ini vinapimwa kila mara, na ile foliki niliyoidharau ndiyo inayomkinga nayo. Na dawa zangu za maumivu zilikuwa zinaizuia isitoke mwilini. Daktari aliniambia ningekaa siku chache nyingine bila kusema, wangekuwa wanatibu wasichokijua mpaka nimekwisha.

Nikakimbizwa Morogoro, nikapewa dawa ya kuikata ile sumu, nikaongezewa damu. Siku za kwanza sikumbuki vizuri. Nilipopata nguvu, wakanipiga picha ya magoti na kunipima ugonjwa wa mdogo wangu. Daktari wa kule akaniwekea picha kwenye mwanga, akanionyesha kwa kalamu. "Mama, wewe huna baridi yabisi. Magoti yako yamesagika. Gegedu, ile inayokaa kati ya mfupa na mfupa, imelika kwa miaka na kwa kazi."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo vile vidonge?"

"Visingekusaidia chochote. Hata ungevimeza sawasawa."

Nilimtazama yule daktari nikataka kucheka. Nilikuwa nimeiba, nimemtesa ndugu yangu, nimekaribia kufa, kwa dawa ya ugonjwa ambao sina.

Msidhani mdogo wangu alinisamehe palepale. Siku ile nilipokiri, alitoka nje ya wodi na hakurudi mpaka asubuhi. Aliporudi aliniambia neno moja tu: "Ungeniomba ningekupeleka, dada. Nilikuomba nikupeleke." Akanihudumia mpaka niliporuhusiwa, kisha akarudi Mikumi, na miezi miwili hakupokea simu yangu. Ilikuwa haki yake. Mama naye alinyamaza nami humo humo ndani ya nyumba, anakula nilichopika, hasemi.

Ilinibidi niende mwenyewe. Nilikwenda Mikumi nikakaa saluni kwake mchana kutwa kama mteja, sikusema kitu, mpaka wateja wakaisha. Akanitazama kwenye kioo. Alikuwa ameshaanza dawa upya na vidole vilikuwa vinarudi polepole. Akasema, "Nywele zako zimechakaa. Kaa hapa." Akaanza kunifumua. Ndivyo tulivyopatana. Hatukuongea siku ile, tuliongea baadaye, na mengine bado hatujayamaliza.

Sasa magoti. Natumia dawa niliyoandikiwa mimi, kwa jina langu: ya kupaka, na ya kumeza siku zikiwa mbaya, baada ya kula, na daktari anajua. Nafanya mazoezi niliyofundishwa, nakaa kitini nanyoosha mguu mmoja mmoja. Cherehani nimefungiwa mota, sikanyagi tena. Sijapona, na daktari aliniambia wazi kuwa magoti ya usichana hayarudi. Ila natembea kutoka nyumbani mpaka sokoni bila fimbo.

Nawashukuru majirani walioninyanyua uani. Nawashukuru wauguzi, hasa yule nesi aliyeniuliza kwa upole hata nilipokuwa namdanganya. Nakushukuru mama yangu, kelele zako za siku ile ndizo zilizoniokoa. Na wewe uliyekaa mlangoni, sina shukrani inayotosha, nimekuja na hii tu ya kusema yote mbele za watu.

Ninachowaomba, ndugu zangu: mwenzako akipona, muulize amepona nini, kabla hujamuuliza amepona kwa dawa gani. Kapimwe wewe. Dawa ya mtu iliandikwa baada ya kupimwa damu yake, na wewe damu yako hawajaiona. Na ukishameza usichotakiwa kumeza, mwambie daktari siku ileile, hata kama ni aibu.

Kuhusu wivu, sitawaongopea kwamba umeniisha. Asubuhi hii amepanda zile ngazi za mlangoni kama msichana, mimi nimeshikilia ukuta, na nilisikia kile kitu kikining'ata tena. Akageuka akanyoosha mkono. Nikaushika, na nilikuwa mwangalifu nisimbane vidole.