Neno Moja Kizimbani: Maisha ya Bwana Maana

Tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba za stesheni, akiwa mtoto wa tatu wa mlinzi wa reli na mfua nguo. Alichelewa kusema hadi mama yake akaingiwa na hofu. Alipoanza, hakunyamaza tena. Kila neno lililopita mlangoni alilidaka na kuuliza, "Maana yake nini?" Dada yake mkubwa akachoka, akambandika jina la Bwana Maana, nalo likamganda hadi uzeeni.

Alianza shule mwaka 1959, katika darasa lililokuwa ghala la mbao. Alimaliza chuo cha ualimu Desemba 1973, akafundisha Kiingereza sekondari, kisha mwaka 1983 akaajiriwa kuwa mkalimani wa mahakama. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya kizimba, kusikiliza Kiingereza na kutoa Kiswahili papo hapo.

Hapa ndipo maneno ya watu yalipoanzia, na mjane ameagiza yasomwe yote bila kupakwa rangi.

Agosti 1991 mshonaji mmoja alikishitaki kiwanda baada ya kuanguka kwenye ngazi mbovu na kuvunjika mkono. Fundi mitambo mgeni, asiyejua Kiswahili, akaja kumtetea. Alieleza kwamba kila jioni alifuatana na mama huyo hadi getini, ndiyo maana alizijua ngazi zile. Neno alilotumia ni "walk". Bwana Maana akatafsiri: "Nilikuwa natembea naye kila jioni."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mume wa mshonaji akainuka kwenye benchi, akatoka bila kugeuka nyuma.

"Mheshimiwa, nimekosea," Bwana Maana akasema, jasho likimtoka. "Shahidi amesema walifuatana kwa miguu. Basi."

"Rekebisha, tuendelee," hakimu akajibu.

Maandishi yalirekebishwa, na mshonaji akashinda kesi. Lakini jioni ile Bwana Maana alipopiga hodi kwao, kamusi kwapani, mume alimjibia dirishani: "Mwalimu, kamusi ya nini? Neno umelitoa mwenyewe mbele za watu." Haukupita mwezi, mshonaji akapewa talaka, akarudi kwa kaka yake, amemshika mkono binti yake wa miaka minne.

Bwana Maana aliacha kazi ya mahakama, akarudi darasani. Alikwenda kwa yule kaka kuomba radhi, akaenda tena, na tena, mpaka akazoeleka. Tarehe 16 Julai 1994 alimuoa mshonaji. Mtaa ukachachamaa. "Kumbe alimlenga! Ukalimani gani huo wa kujitafutia mke?"

Mkewe naye aliuliza, wiki ya kwanza ya ndoa.

"Ulikuwa umeniona kabla ya siku ile?"

"Nilikuwa nimekuona. Kesi iliahirishwa mara ngapi?"

"Basi ulisema makusudi?"

Akasema, "Hapana. Lakini kila nikisema hapana, najisikia kama shahidi ambaye mimi mwenyewe nisingemwamini."

Mjane anasema hakupata jibu jingine, akaacha kuuliza, wakalea watoto.

Neno lile, "walk", halikumpa raha. Alilichimba vitabuni, akakuta kwamba Waingereza wa kale walilitumia kwa kitu kinachobingirika na kuyumbishwa, kama mawimbi. Kwamba mafundi waliokanyaga nguo za sufu majini ili zishikamane waliitwa kwa neno hilo hilo. Na kwamba maana ya kwenda kwa miguu ilikuja baadaye. Kisha akawaambia wanafunzi maana za neno letu "kutembea": kwenda kwa miguu, kwenda kuzuru watu, na ile ya tatu, ambayo darasa lilianza kuicheka hajaitamka. Yeye hakucheka.

Binti wa mshonaji aliishi naye miaka yote akimwita Mwalimu. Baba, hapana. Lakini Februari 2023, kiharusi kilipompoozesha mguu wa kulia na kuufanya ulimi wake mzito, ni yeye aliyeomba likizo kazini. Kila asubuhi alimshika kiuno kwenye korido ya wodi.

"Inua, Mwalimu. Usiburute."

"Na... bingirika," akasema, akiyumba.

Binti akacheka, kisha akalazimika kukaa kwenye benchi kufuta machozi.

"Nisamehe," mzee akasema.

"Sijui kama kuna cha kusamehe. Kama kipo, sijui ni kikubwa kiasi gani. Inua mguu."

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, asubuhi, baada ya kiharusi cha pili. Mjane na binti walikuwa kando ya kitanda.

Ameacha binti yake mkubwa, ambaye jana alirudi kwa mchapaji wa wasifu huu kufuta maneno "wa kambo" na kutaka aandikwe wa kwanza. Ameacha pia mjane, wana wawili wa kiume, wajukuu na dada yake mkubwa.

Apumzike salama, yeye na swali lake.