Mama wa Pacha

MDOGO: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Mimi.

MDOGO: Mimi nani? Namba hii siijui, na mtandao hapa—

DADA: Dada yako! Nimeazima simu ya fundi cherehani, maana yangu ukiiona hupokei.

MDOGO: Aa, dada! Shikamoo. Nilikuwa vikaoni, si unajua mambo ya—

DADA: Shikamoo yako kaa nayo. Uko wapi?

MDOGO: Mkutanoni, nimetoka nje ya ukumbi. Bado kidogo nipande kuwasilisha utafiti wangu. Wamejaa watu wa wizara, wafadhili, wageni kibao... Wapwa zangu hawajambo?

DADA: Utafiti wako umefika kiwandani.

MDOGO: Acha! Umefika mpaka huko?

DADA: Unafurahi?

MDOGO: Sasa nisifurahi? Chuo kinatulipa kwa ajili hiyo, dada. Tuchunguze ruzuku ya serikali kwa viwanda inaishia wapi, tuandike, watu wasome—

DADA: Wamesoma. Meneja katuita wasimamizi wote ofisini, kafunga mlango. Kasoma mahali pamoja tu. Nikusomee, au unapajua kwa kichwa?

MDOGO: Mahali gani?

DADA: "Msimamizi mmoja, mama wa watoto pacha, alieleza kuwa meneja analipa mishahara kwa wafanyakazi hewa ambao ni ndugu zake." Mama wa watoto pacha! Ungeweka na picha yangu basi!

MDOGO: Dada, jina sikutaja. Ndiyo taratibu za utafiti, tunaficha jina la—

DADA: Umeficha nini? Umemfunika mtu uso ukaacha mwili mzima nje!

MDOGO: Punguza sauti basi.

DADA: Sipunguzi! Ulikuwa jikoni kwangu. Umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, unakula chakula changu, unaniambia, "Dada, kazi imekuwaje siku hizi?" Nikajua unaniuliza mimi. Kumbe unahoji!

MDOGO: Nilikuambia nafanya utafiti.

DADA: Na mimi nilikuambia haya yaishie hapa. Ulijibu nini?

(mtandao unakwaruza)

DADA: Nauliza ulijibu nini!

MDOGO: Nilisema... nilisema sawa. Lakini profesa wangu chuoni alisoma rasimu akaniambia imejaa takwimu, haina sauti za watu. Haina damu, kasema hivyo hivyo. Nikamtafutia—

DADA: Damu. Ukaja kuchota kwangu.

MDOGO: Sikiliza, tusipaniki. Meneja hana ushahidi. Wewe nyamaza tu. Nilikuwa makini, ndiyo maana sikutaja idara. Kwenye hicho kiwanda kuna wasimamizi wawili wenye pacha, wewe wa mizani na yule wa kufungasha. Hawawezi kujua ni yupi. Haloo? Unanisikia?

DADA: Rudia hapo.

MDOGO: Wapi?

DADA: Kwamba tuko wawili.

MDOGO: Nyie si mko wa— ulinitajia mwenyewe, mke wa yule fundi mitambo. Ndiyo nikaona hiyo ni kinga—

DADA: Kwa hiyo ulimhesabu! Ulikaa ukamfikiria kabisa, ukaona huyu naye apite mbele achukue kibao!

MDOGO: Sikuwa na maana hiyo, dada, usinigeuzie—

DADA: Amefukuzwa.

MDOGO: Nani?

DADA: Yule wa kufungasha, mama wa watu! Meneja hakuhangaika na mizani. Yule aliwahi kubishana naye kuhusu likizo, basi akamnyooshea kidole. Katolewa na walinzi, mbele ya vijana anaowafundisha kazi. Analia, anaapa hajui hata chuo chenu kiko upande gani. Na kweli hajui!

MDOGO: Masikini... Pole yake. Lakini— samahani nikiuliza— wewe basi hawajakugusa?

DADA: Ee Mungu wangu.

MDOGO: Nauliza tu! Nakujali wewe.

DADA: Leo asubuhi nimeingia kwa meneja. Nimemwambia amwite mwenzangu arudi kazini, aliyesema ni mimi.

MDOGO: Umefanya NINI?

DADA: Umenisikia.

MDOGO: Una wazimu? Dada, una wazimu wewe? Shemeji hana kazi, una watoto wadogo—

DADA: Na wa mwenzangu ni wazee?

MDOGO: Ungenipigia kwanza!

DADA: Nimekupigia mpaka simu ikazima! Simu ya wizara ungeipokea!

MDOGO: (pumzi nzito) Wamemrudisha?

DADA: Wamemrudisha. Tulipishana getini. Yeye anaingia, mimi natoka na gambuti zangu za kazi mkononi. Hakunisalimu. Alinitazama tu.

MDOGO: Dada... nikirudi tutakaa, tutazungumza vizuri, nitaona la—

DADA: Sitaki ukirudi. Hao watu wa wizara wako humo ndani?

MDOGO: Wako, lakini—

DADA: Meneja wetu anateuliwa na wao. Ukipanda hapo, kabla hujasema hayo ya sera, waambie jana kafukuzwa mtu asiyejua lolote, na leo kafukuzwa aliyekupa hiyo habari. Waambie ni dada yako.

MDOGO: Ni dada— haiwezekani! Nikisema nilimhoji ndugu yangu, bila kibali chake cha maandishi, utafiti mzima unatupwa. Leo leo wanaamua nani anaongezewa ufadhili mwaka wa pili. Profesa wangu amekaa mstari wa mbele.

DADA: Kwa hiyo?

MDOGO: Kwa hiyo nielewe! Siyo hapa. Nitaandika barua baadaye, kwa utaratibu—

DADA: Utaratibu wako ndio umeniweka nje ya geti!

MDOGO: Wananiita. Dada, zamu yangu, nakuomba—

DADA: Salio la watu linaisha. Nijibu moja tu. Utasema au husemi?

MDOGO: Dada...

DADA: Utasema?

MDOGO: Nitakupigia jioni, haki ya—

DADA: Mama yuko hapa pembeni yangu, anasikia kila kitu, anauliza kama wewe ni yule yule aliyemzaa—

(simu inakatika)

MDOGO: Haloo? Dada? Mama? ... Naam, Profesa, nakuja. Hapana, hakuna tatizo. Ni watu wa nyumbani tu. Ndiyo, niko tayari.