Fusae Orihara, Muuza Chambo wa Daraja la Tsuzura

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Kama mko jikoni, punguzeni moto kidogo mkae. Kama mko njiani kwenda mtoni, endesheni polepole, mto haukimbii. Leo tunamkumbuka mama mmoja ambaye wengi wenu aliwahi kuwafokea.

Fusae Orihara ametutoka wiki iliyopita, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Ndiye yule muuza chambo wa Daraja la Tsuzura. Fusae Orihara.

Banda lake mnalijua. Paa la bati, benchi moja, na tangi la maji yanayobubujika, ndani yake ayu walio hai, wale samaki wadogo wa mtoni. Ayu hadanganyiki kwa mnyoo. Ana jiwe lake analolamba ukoga, na akimwona mwenzake amelisogelea, anamvamia. Basi mvuvi humfunga ayu hai kwenye uzi na kumpeleka hadi kwenye jiwe hilo. Mwenye jiwe akija kwa hasira, ndoana inamnasa. Kwa hiyo kila anayetaka kuvua Tsuzura huanzia kwa Fusae, anachukua chambo wake wawili, ndipo anashuka majini.

Na kabla ya kushuka, anakaguliwa. Fusae alikuwa na pipa la maji ya moto la kuoshea viatu.

"Viatu hivi vilikanyaga wapi jana?" aliuliza.

"Mto wa kule ng'ambo ya mlima, mama."

"Basi vina habari za kule. Osha! Na vipande vya uzi urudi navyo kwako. Juzi nimemfungua ndege korongo uzi mguuni, mguu umevimba hivi. Korongo ana mkasi, yule?"

Bintiye, Chinami, ananiambia watu walidhani mama yake hapendi wageni. "Mama alipenda mto ujae watu," anasema. "Waogelee, wapige hema, wachome nyama, wacheke. Alisema mto usiochezewa hauna mtu wa kuulilia. Alichokataa ni sabuni majini na viatu vichafu."

Mwenyewe alivua mpaka magoti yakagoma. Mwenzake wa kuvua alikuwa mdogo wake, Yasuji. Walisimama majini bega kwa bega tangu ujana wao, wakitaniana.

"Dada, fimbo yako inatingishika. Ni samaki au uzee?"

"Ni samaki. Uzee uko kwako, tangu asubuhi hujapata kitu."

Wasikilizaji wapendwa, sasa naomba tutulie kidogo, maana hapa ndipo penye uchungu.

Mnaukumbuka ule mwaka wa vidonda. Siku ya kufungua msimu mto ulijaa watu. Wiki chache baadaye, ayu wakaanza kuelea, wana vidonda vyekundu ubavuni. Watu waliwaokota ndoo kwa ndoo. Mto ukafungwa msimu mzima. Nyumba za wageni zikakaa tupu, na Fusae akalikausha tangi lake. Ugonjwa ule hauji na mvua. Huletwa na samaki wa mto mwingine, mtu anapobeba chambo aliyembakia huko akamtumbukiza huku. Kila mvuvi wa hapa anajua ni mwiko. Na kila mvuvi anajua jinsi inavyouma kumtupa chambo mzuri, mwenye nguvu, eti kwa sababu umehama bonde.

Chama cha wavuvi kikaitisha mkutano. Mwenyekiti akauliza, "Nani alileta samaki wa nje?" Macho yote yakaenda sakafuni.

Fusae akainuka. Alikuwa amekaa karibu na mdogo wake.

"Siku ya ufunguzi Yasuji alipita mbele ya banda langu na ndoo yake," alisema. "Hakununua chambo kwangu. Jioni alirudi na samaki kumi na kitu. Mimi najiuliza, alivua na nini?"

Yasuji akawaka. "Dada umezeeka, unaota! Siku ile ulikuwa na foleni mpaka barabarani. Ungemwona nani wewe?"

"Wewe ningekuona hata gizani," Fusae akamjibu, akaketi.

Ushahidi haukuwapo. Neno lake dhidi ya neno la nduguye. Mkutano ukavunjika bila jibu, na Fusae akabaki na jina baya. Wapo waliomwita mwanamke aliyemuuza ndugu yake mbele za watu. Wapo walioacha kumsalimia. Yeye hakulirudia neno lile tena, wala hakulifuta. Alifungua banda msimu uliofuata, akachemsha maji ya pipa kama kawaida.

Na Yasuji? Kila Mwaka Mpya alikuja nyumbani kwa dada yake, wakala mochi, zile keki za mchele, wakazungumzia theluji. Lakini hakukanyaga tena mto wa Tsuzura. Kila siku ya ufunguzi Fusae alimtengea chambo wawili wazuri kuliko wote, wanene, akakataa kuwauza hadi jua lizame. Nasema wazi kwamba jambo hilo linaniumiza hata ninapolisoma hapa.

Jumamosi walimuaga Fusae. Ukumbi ulijaa, wavuvi wamevaa suti nyeusi zinazowabana. Watu walikuwa wakitia udi kwenye chetezo, mmoja mmoja. Yasuji alipofika mbele, alitia udi, akainama mbele ya dada yake muda mrefu, kisha akawageukia watu.

"Wengi wenu mlikuwapo siku ya mkutano," alisema. "Dada hakuota. Ni mimi. Walikuwa samaki wawili tu, wazuri mno, roho haikuniruhusu kuwaacha. Ni mimi, na yeye mlimnunia bure."

Chinami ndiye aliyemfuata na kumshika kiwiko.

"Mjomba, mama alijua," akamwambia. "Alikuwa anangoja useme mwenyewe."

"Nimechelewa, Chinami."

"Umechelewa, ndiyo. Njoo ukae, ule kidogo."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Chinami na watoto wake, kwa Mzee Yasuji, na kwa wote walioogelea, waliovua na waliocheka katika maji yale, tunatoa pole zetu. Fusae Orihara, muuza chambo wa Daraja la Tsuzura, apumzike kwa amani.

Jumapili ijayo msimu unafunguliwa. Nendeni mkafurahi, mpeleke na watoto. Osheni viatu. Na kama kuna mtu amebeba jina baya kwa ajili yako, mpigie simu leo, mwambie ni wewe, angali anaweza kukusikia.