Kigingi cha Sijaamini

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Vuteni viti, lakini hakikisheni kwanza kwamba miguu yote minne inagusa sakafu. Ndivyo alivyofanya yeye, siku moja tu aliyoingia studio hii. Alikitikisa kiti changu, akanitazama, akasema, "Mwanangu, hiki kina njama na wewe." Siku tatu baadaye kiliniangusha nikiwa hewani. Mlinisikia.

Leo tunamkumbuka mpimaji wa dampo. Mtaa mzima ulimwita Sijaamini. Alifariki wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Miaka thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumia damponi. Narudia: miaka thelathini na mmoja, akipima takataka zetu zinavyoshuka.

Maana taka hushuka. Unatupa boksi, chupa, maganda ya viazi, unadhani mmeachana. Kule tingatinga linashindilia, gari jingine linamwaga juu yake, uzito unaongezeka. Miezi ya kwanza dampo hushuka haraka: maboksi yanalala, hewa inatoka. Kisha linashuka polepole, miaka na miaka, kwa sababu vilivyo chini vinaoza na kuacha nafasi.

Mtu wa kazi hiyo hawezi kuamini kitu. Mjane wake anasema, "Nikimwambia sukari nimeshatia, anakoroga, ananiangalia, anakoroga tena."

Basi dampo likajaa, likafungwa, likafunikwa udongo. Majani yakaota. Mtaa ukaomba shule, na ofisi ya dampo ikataka madarasa yajengwe palepale juu. Ilibaki saini ya Sijaamini kwamba ardhi imetulia.

Alipima kwa kulinganisha. Pembezoni mwa dampo kulikuwa na kigingi cha chuma, alichokipigilia mwenyewe ujanani. Kila mwezi aliangalia dampo limeshuka kiasi gani chini ya kigingi hicho. Miezi minane mfululizo alipata sifuri.

"Mzee, limelala hilo," mhandisi wa ofisi akamwambia. "Tia saini."

"Limelala, au linajifanya?"

"Sifuri mara nane, mzee wangu!"

"Ndiyo inayonitisha. Taka gani hizi zenye adabu namna hii?"

Akawashuku wasaidizi wake. Akamshuku mhandisi. Akaishuku darubini ya kupimia, akaipeleka kukaguliwa, ikarudi nzima. Watu wakacheka. Binti yake hakucheka. "Baba, mjukuu wako anatembea saa nzima kwenda shule kwa ajili ya sijaamini zako!"

Kilichomfumbua macho ni goti. Ofisi ilikuwa imejengwa juu ya mwamba, na ukitoka dampo ulipanda kipandio kimoja tu kuingia. Goti lake bovu likaanza kulalamika pale.

"Uzee huo," mhandisi akamtania.

Sijaamini akachomoa futi kamba. Kipandio kile kilikuwa na kimo cha tofali moja tangu ofisi ijengwe. Sasa kilifika tofali moja na nusu.

Dampo lilikuwa linashuka, wasikilizaji. Na kigingi kilikuwa kinashuka nalo. Narudia taratibu: kigingi kilipigiliwa juu ya taka za zamani, zilizofukiwa kabla yeye hajaajiriwa. Vikashuka pamoja, bega kwa bega. Ndiyo ile sifuri.

Binti yake ananisimulia: "Alikuja akakaa mlangoni, viatu mkononi. Akasema, 'Mwanangu, nimewashuku wote, nikamsahau aliyepigilia kigingi.'"

Kesho yake aliyasema hayo mbele ya ofisi nzima. Saini hakutia. Kigingi kipya kikapigiliwa mwambani, madarasa yakajengwa ng'ambo ya barabara. Ilichukua miaka miwili, na mjukuu aliitembea yote miwili. Juu ya dampo leo ni uwanja wa mpira. Goli moja limeinama hadi kipa mrefu anagonga kichwa. Watoto wamelipa jina la mzee.

Kwa mjane, kwa binti, kwa mjukuu ambaye sasa anafundisha katika shule hiyohiyo: poleni sana. Tuko pamoja nanyi, na chai yenu leo tunaikoroga mara mbili.

La kutafakari sitalitunga mimi. Aliliacha kwenye karatasi, chini ya mto wake, na binti yake amelisoma kaburini:

"Msinijengee saruji kabla ya mwaka kupita. Udongo bado utashuka. Pimeni kwanza. Na asipime yule aliyenizika."