Nyota Tano za Bi Sindano

Baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku kadhaa ambazo mwenyewe anadai hakuzihesabu, mhakiki wetu wa runinga anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Juni. Tulioombwa kumwandikia wasifu tulikuwa watatu. Wawili wameingia mitini, nimebaki mimi, msahihishaji wa prufu, ambaye pia nina jambo la kumwomba radhi mbele yenu.

Aliingia hapa kama karani wa matangazo madogo madogo. Siku moja mhakiki wa wakati huo aliumwa jino, yeye akaombwa atazame tamthilia moja na kuandika aya mbili. Aliandika aya moja, akaeleza kwamba tamthilia yenyewe haikutosha aya mbili. Mhariri mkuu alicheka hadi akashika mbavu, na kesho yake meza ya karani ikahamishiwa chumba cha habari.

Jina la Bi Sindano alilipata kwa haki. Hajawahi kutazama kitu mikono mitupu. Anakaa, anavua viatu, anatoa sindano mbili na donge la sufu, anafuma huku macho yakiwa kwenye skrini. Ndicho kipimo chake: kazi ikimkolea, mikono inapunguza mwendo, ikimchosha, sweta linakua. Dereva wetu ana sweta la kijani lililotokana na tamthilia ya madaktari. Mlinzi wa getini ana skafu inayozunguka shingo mara nne, na hiyo ni zao la shindano moja tu la kuimba. Yule shujaa arukaye angani, ambaye nusu ya ofisi tulimshabikia kwa misimu sita, alizaa mablanketi mawili.

Kwa nyota, alikuwa mkono wa birika. Aliwahi kutoa tatu na nusu, akajutia wiki nzima na kusingizia homa. Tano hakuwahi kutoa, na tulimtania sana kwa hilo. Lakini mwezi uliopita, tukinywa chai kwenye ngazi za nyuma, aliniambia jambo lililonikaa moyoni. Alipokuwa mtoto alizoea kupanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akachungulia runinga ya jirani dirishani, na miguu ilikuwa ikifa ganzi asijue. Alitaka kuhisi vile tena, mara moja tu, kabla hajaondoka. Aliogopa kwamba kazi imekwisha kuila hamu yake yote.

Nilimwonea huruma. Nikamwomba anifumie sweta la kuniaga. Hapo ndipo akili yangu ilipofika.

Kufikia wiki iliyopita sweta, la rangi ya machungwa, lilibakiza mkono mmoja, na kazi yake ya mwisho ilikuwa onyesho la kwanza la tamthilia iliyochipuka kutoka ile ya shujaa wa angani. Sote tulijua mkono utakwisha kabla ya nusu saa. Mimi nilikwisha kuchagua suruali ya kuvalia.

Alhamisi asubuhi kisanduku cha nyota kiliniwahi mezani, kama kawaida, makala ikiwa bado inaandikwa. Kilikuwa na nyota tano. Nikajitia ujuaji: miaka kumi na mitatu namsahihishia, nikaamua kidole kimeteleza. Nikafuta tatu, nikatia sahihi, ukurasa ukaenda mtamboni, ukabakiza nafasi ya makala tu.

Kisha makala ikaja, ikapitishwa moja kwa moja mtamboni, nami nikabaki nikisoma nakala yangu. Mhusika mkuu, aliandika, ni fundi cherehani anayemshonea shujaa joho, yule mama aliyekuwa akionekana kidogo tu, pini mdomoni. Sasa anagundua kwamba akizuia pumzi, muda unasimama. Tatizo ni kwamba ana miaka hamsini na miwili na ana pumu, kwa hiyo ulimwengu unapata sekunde kumi na tisa tu. Ghorofa linaanguka, darasa zima la watoto limo ndani, shujaa yuko mbali anapigwa picha. Fundi anavuta pumzi.

Bi Sindano akavuta naye. Mpiga picha wetu, aliyekaa kando yake, anaapa kwamba sindano zilianguka, donge likabingirika hadi miguuni pa wahakiki wa magazeti mengine, na mama wa watu akawa amekaa ukingoni mwa kiti, mashavu yamejaa hewa. Taa zilipowashwa alishindwa kusimama, miguu imekufa ganzi, naye anacheka huku machozi yanamtoka.

Kumbe zile nyota tano zilikuwa tano kweli. Nilishuka ngazi mbilimbili, kiatu kimoja kikabaki njiani, nikafika mtamboni nikipunga mikono mithili ya mtu anayefukuza nyuki. Fundi mitambo alizima mashine. Nakala mia mbili na kumi zilikuwa zimetoka na nyota mbili. Zote zilitupwa pipani, isipokuwa moja ambayo Bi Sindano aliichukua akaitundika jikoni kwake, ili wajukuu waone, alivyosema, jinsi watu wa ofisini wanavyomfahamu. Niwie radhi, dada. Nilikujua kwa miaka kumi na mitatu, nikasahau ile ndoo.

Jana alinikabidhi sweta langu. Limekunjwa vizuri, lina kola, lina mkono mmoja. Alijitolea kuumalizia ule wa pili nyumbani, nikakataa katakata, nami nitalivaa hivyo hivyo Ijumaa kwenye hafla. Atakayecheka na acheke.

Asante, Bi Sindano, kwa kutufundisha kutazama. Nenda salama, uishi vyema, na huko nyumbani sindano zikuponyoke mara kwa mara.