Fundi Aliyeogopa Vitambaa

Tarehe 31 Julai 1998, Mzee Abner Nyangate anastaafu baada ya kufanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda chetu cha uchapaji hapa mjini Kisii. Alitoka Ekerenyo akiwa fundi wa taipureta. Kompyuta zilipoingia mwaka 1993, Bwana Bharat, mwenye kiwanda, alimkabidhi na hizo, kwa kuwa nazo zilikuwa na vibonye vya herufi.

Kompyuta zenyewe zilikuwa kuukuu tangu siku ya kwanza. Programu ikikataa kufunguka, Mzee Abner alizima mashine, akaenda kunywa chai, akarudi akaiwasha. Tulimcheka, lakini mara nyingi ilifunguka. Isipofunguka alilaumu umeme; umeme ukiwa sawa alilaumu virusi; na virusi visipopatikana, alimtazama kwa jicho baya yeyote aliyeigusa mwisho.

Agosti 1996 mambo yalimzidi. Tulikuwa tukipanga ratiba ya makambi ya kanisa, na kila siku kufika saa nne kompyuta zote zinaganda. Bwana Bharat alichoka. Alisema ratiba isipotoka Ijumaa ataziuza kompyuta, na kazi ya kupanga kurasa ataipeleka Kisumu. Sisi wanne wa chumba cha kompyuta tungerudi nyumbani.

Kumbe Mzee Abner aliujua ugonjwa tangu Jumatatu. Mashine zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya kufuma mpaka nyuma, feni zikakosa hewa, joto likapanda. Shida ni kwamba vitambaa hivyo alivifuma Bathsheba, mpiga taipu wetu, ili chumba kipendeze kama sebule ya watu wenye heshima zao. Mzee aliyefungua matumbo ya kompyuta bila woga hakuthubutu kumwambia. Akawa anafika mapema, anavivua, mashine zinafanya kazi vizuri. Akisikia viatu vya Bathsheba kwenye ngazi, anavirudisha mbio na kuvinyoosha.

Ijumaa mchana ratiba ilikuwa nusu tu. Mzee Abner ni Msabato, na jua la Ijumaa likizama hagusi kazi hata umletee polisi. Mwishowe alimwita Bathsheba kando, akamweleza huku akitazama sakafu, kama mgeni aliyevunja kikombe. Bathsheba alinuna kidogo, kisha akavivua vitambaa mwenyewe, akamuuliza kwa nini alinyamaza wiki nzima watu wakikaribia kufutwa. Mzee alikuwa tayari anawasha mashine. Ratiba ilitoka jua likiwa bado juu ya vilima.

Mzee Abner, chumba cha kompyuta kingali wazi, na sisi wanne tunasomesha watoto kwa kazi ile. Asante sana. Tunakupenda, na tutakukosa kuliko tunavyoonyesha tukikutania. Nenda Ekerenyo ukapumzike katikati ya majani chai yako, na maisha yawe mema kwako na kwa jamaa yako yote. Ila huko nyumbani, ukiwa na neno gumu la kumwambia mtu, tafadhali usingoje mpaka Ijumaa.